Nilitubu karibu miaka miwili hela ya kwaya ikiwa bado haijarudi

Mkuu mleta mada, nimesoma uzi wako wote na komenti zote. Kwa mnaoingia sasa hivi, jamaa alitumwa na kaka yake wa tumbo moja amuuzie kiwanja, akauza milioni sita akapeleka tano na laki tatu, laki saba akaweka cha juu. Miaka miwili imepita, katubu, kaombewa, lakini kaka akipiga simu tu moyo unamwenda mbio. Anauliza akamwambie au atulie maana Mungu ameshasamehe. Na naona wengi mmemwambia damu imeshafunika, asifukue makaburi.

Mimi nitakujibu kwa yaliyonikuta maana hiyo hali naijua.

Nilikua mtunza hazina wa kwaya usharikani kwetu, sisi ni Walutheri. Tulikua tunachanga hela ya sare, nikakaa na daftari na kibegi cha hela nyumbani. Kuna kipindi nikaona mahindi yapo chini nikasema nichukue hii hela ninunue gunia kadhaa, bei ikipanda narudisha hakuna atakayejua. Nikajiambia nimekopa. Mahindi yakaliwa na dumuzi, hela ikapotea, jumla 420,000. Nikakaa usiku na kalamu nikarekebisha daftari, majina mengine yaliyolipa elfu ishirini nikaandika elfu kumi, na kurasa mbili nikachana kabisa.

Sasa kabla yangu mimi hilo daftari alikua nalo mama mmoja anauza vitumbua, mtu mzima, sauti ya kwanza pale kwaya tangu mimi niko sandeskuli. Hesabu zilipogoma watu hawakuniangalia mimi, wakamwangalia yeye. Hakuna aliyemwambia usoni, si unajua kanisani tunavyofanya, watu wakaanza kunyamaza akiingia, alafu "tumwombee". Miezi mitatu mbele akaacha kwaya. Na mimi nilikuwepo, nikaitikia amina kwenye hayo maombi.

Na nilikua natubu, hapo ndo pa kuelewa. Sio kwamba nilikua mgumu. Kila Jumapili tunasimama tunaungama kwa mawazo, maneno na matendo, na mimi machozi yananitoka kweli kabisa, jirani ananipa leso. Nikitoka nje najisikia mwepesi mpaka kama Jumanne hivi. Jumatano nikipita pale anapokaangia naona aibu, nazungukia njia ya nyuma ya shule. Miaka miwili kasoro nimepita nyuma ya shule. Kiukweli ungamo la pamoja ni zuri ila lina hatari yake, unaweza kujificha humo katikati ya watu mia tatu, wote mmesema ni wakosaji na hakuna aliyesema amefanya nini.

Ule mstari mnaomtumia jamaa, 1 Yohana 1:9, kwamba tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki, ni kweli na mimi nausimamia. Ila ukiusoma peke yake unajidanganya. Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 5 anasema ukiwa unaleta sadaka yako madhabahuni ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale, nenda kapatane naye kwanza ndo urudi utoe. Angalia hapo, hasemi wewe una neno juu yake, anasema YEYE ana neno juu yako. Na neno toba lenyewe tumelichukua kwa Waarabu, asili yake ni kurudi. Unarudi kwa nani na kitu cha watu umekikalia? Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri, hakuna aliyemwambia arudishe, alisimama mwenyewe akasema kama nimemnyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne. Torati, Hesabu 5, ilikua inadai chini ya hapo, unarudisha chote na kuongeza sehemu ya tano. Na hii sio ya Walutheri tu, Wakatoliki nao kwenye kitubio kuna malipizi, yaani tendo la kufidia dhambi, na katekisimu yao inasema wazi kwamba ukiiba unatakiwa urudishe kama inawezekana. Wazee wa ule uamsho wa miaka ya 1930, ulioanzia pande za Gahini Rwanda ukaingia Uganda na Bukoba, walijulikana kwa hilo, mtu akiokoka unamwona anarudisha jembe, ng'ombe, hela ya mwajiri. Walikua wanaita kutembea nuruni. Bibi yangu alikua wa kundi hilo na alikua na maneno makali sana kwa watu wa aina yangu.

Basi siku moja nikaenda, saa kumi na mbili asubuhi, wateja bado. Nikamkuta anamimina uji wa mchele kwenye vile vishimo vya kikaango. Shikamoo mama. Marahaba. Nikasema yote palepale nimesimama, mpaka zile kurasa nilizochana. Hakuinua macho. Alikua anageuza kimoja kimoja na kijiti chake, akamaliza kikaango kizima, akaepua, akaweka mafuta tena tone tone kwenye kila kishimo. Nikaona kimya kimezidi nikaongeza kosa lingine, nikamwambia mama naomba unisamehe, maana hata Bwana amesema tusipowasamehe watu na Baba hatatusamehe.

Hapo ndo akaniangalia. Akasema, "Baba, mimi walinisema kanisani, wewe umekuja kuniomba radhi jikoni?"

Nilirudi nyumbani kichwa chini. Kwanza nimemtwanga mtu na biblia wakati mimi ndo mkosaji, nikimsukumia mzigo wangu yeye, asiponisamehe leo anakua yeye mwenye dhambi. Pili alikua sahihi kabisa. Jina lilichafuliwa mbele ya watu halafu mimi nataka kulisafisha kwenye moshi wa mkaa tukiwa wawili.

Nikamwendea mchungaji nikamwambia, tukakubaliana nisimame mbele ya kwaya, Alhamisi siku ya mazoezi. (Mabano kidogo: usharikani kwetu binti akipata mimba anasimama mbele ya kanisa zima ndo arudishwe kundini, mimi mwizi nikapewa Alhamisi jioni. Sikulalamika wakati huo lakini sikusahau.) Nikasimama nikaanza na lile letu la siku zote, ndugu zangu shetani alinipitia. Mzee mmoja wa besi akanikata, akasema shetani hakushika kalamu, kalamu ulishika wewe, anza upya. Nikaanza upya. Nikataja kiasi, nikataja daftari, nikasema yule mama hakuchukua hata mia, na kwamba nilijua anasingiziwa nikanyamaza. Watu wengine walilia, wengine walitoka nje, na mmoja mpaka leo hatusalimiani.

Hela nililipa na ile sehemu ya tano juu yake kama ilivyoandikwa, 420,000 ikawa 504,000, mafungu sita ya 84,000, miezi sita. Hakuna aliyenidai hiyo ya juu. Ila ile miezi sita ilinifundisha kuliko machozi ya miaka miwili, maana kila mwisho wa mwezi unatoa hela unayoihitaji na unakumbuka kwa nini unaitoa.

Sasa kwa nyie mliosema "kaka yake naye ni mkristo lazima asamehe tu". Naomba msome tena Mathayo 18, ile ya saba mara sabini. Wahubiri wengi wanasema yule mtumwa wa kwenye mfano wa Yesu alisamehewa deni la talanta elfu kumi akaenda kumkaba mwenzake kwa vijisenti. Dinari mia alizokua anamdai mwenzake sio vijisenti jamani. Dinari moja ilikua ujira wa kibarua wa siku nzima. Chukua kibarua wa hapa kwetu anayelipwa elfu kumi, dinari mia ni milioni moja. Ukiniibia milioni utaniambia ni kidogo? Yesu hakusema deni la mwenzako ni dogo, alisema lako kwa Mungu halilipiki kabisa, talanta moja tu ni dinari kama elfu sita, zidisha mara elfu kumi uone. Kwahiyo kusamehe ni gharama na anayeilipa ni yule aliyeumizwa, sio sisi watazamaji. Mwacheni kaka wa watu achukue muda wake.

Na usidhani kurudisha hela peke yake ndo toba, Yuda naye alirudisha, vipande vyote thelathini alivitupa hekaluni. Shida yake hakurudi kwa Yesu mwenyewe. Petro, aliyemkana Yesu mara tatu, hakua na cha kurudisha ila alibaki karibu mpaka akaulizwa pale ufukweni mara tatu, wanipenda?

Mkuu, nenda kwa kaka yako. Nenda ana kwa ana, sio meseji, na usitangulize mchungaji akulainishie. Beba chochote cha kuanzia hata laki na nusu, na ujue kabisa zilizobaki utazilipa lini. Taja kiasi mwanzoni kabisa kabla hujaanza kulia. Akitukana sikiliza. Akisema ondoka, ondoka, rudi mwezi ujao na fungu lingine. Ila kama kuna siri ya mtu mwingine ndani yake, sijui labda dalali mlikula naye, hiyo sio yako kuitaja bila yeye kujua, sema ya kwako. Na usiku huo usitegemee kulala kama mtoto. Mimi sikulala.

Mtauliza yule mama. Kama miezi minne baada ya ile Alhamisi alinisimamisha njiani akasema, "Nimekuachilia baba, kwa Mungu sina neno na wewe." Kwaya hakurudi, anasali ibada ya kwanza, mimi ya pili. Asubuhi napita njia yake, naamkia, ananiitikia vizuri na kunifungia vitumbua vya moto. Hela nikimpa anaihesabu mara mbili.