Je, "tutaona" ni kukubali?

Swali: Nimehamia Iringa kutoka Dar es Salaam. Nilikwenda Kilolo kumwomba mzee mmoja anikodishie ekari mbili. Baada ya salamu na habari za mvua nikamweleza haja yangu. Alikaa kimya kitambo kirefu, kisha akasema, "Haya, tutaona." Je, amekubali?

Jibu: Ndugu msomaji, hajakubali, na huenda amekataa kwa namna ya kukusitiri. Watu husema kwamba kunyamaza ni kukubali, lakini usemi huo haumfai mtu mzima aliyeombwa kitu na mgeni, kwa kuwa kumtamkia "hapana" mgeni uliyemkaribisha mwenyewe huonekana kama kumfukuza.

Sikiliza sarufi ya jibu lenyewe. "Tutaona" ina nafsi ya wingi ingawa aliyeombwa ni mmoja, haina kiambishi cha mtendwa kinachokutaja wewe wala shamba, na haikufuatwa na siku yoyote. Ilinganishe na "Nitakuonyesha mpaka wa shamba siku ya Jumamosi", ambamo anayeahidi, anayeahidiwa na siku vyote vimetajwa, na msemaji anaweza kudaiwa. "Haya" nayo isikudanganye, kwani hapo imefunga mazungumzo tu. Hata hivyo, wingi ule waweza kuwa wa kweli kabisa: shamba la ukoo haliamuliwi na mtu mmoja, na pengine mzee alikuwa akiwafikiria ndugu zake.

Ukimya nao si wa aina moja. Kwa mila za Wanyakyusa wa Rungwe, mke alipaswa kumwepuka baba mkwe wake, asilitamke jina lake wala maneno yanayofanana nalo. Huo ni ukimya wa heshima, usiotazamiwa kuishia katika jibu. Wa mzee wako ulikuwa wa kupima neno, na ninakusifu kwa kutoukatiza, maana wengi wetu tuliozoea mjini huujaza hapo hapo kwa kuongeza bei, na mwenye shamba akajiona anaharakishwa.

Ukirudi, usimuulize, "Umeamuaje?" Swali hilo linamlazimisha kutamka alichokwepa. Mwamkie, umwambie, "Nimepita kuwajulia hali." Akitaka kukukodishia, atalitaja shamba mwenyewe. Msipolifikia hadi mnaagana, unaweza kusema, "Mzee, lile jambo letu bado ninalo moyoni," ukanyamaza. Akijibu tena kwa wingi usio na siku, tafuta shamba kwingine, na uendelee kumpa shikamoo yake kila mnapokutana.