Barua kwa mwanangu: zile nyota tatu za babu yako

Isevya, Tabora

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeipata, na ile hela ya dawa nimeipata pia, Mungu akuzidishie. Unasema uliwaonyesha wenzako kazini zile nyota tatu za babu yako, nishani za vita alizopewa na Mwingereza, na mmoja akasema mwenye nyota hizo alikuwa kibaraka wa Mwingereza. Ukakosa la kujibu. Sasa unaniuliza: "Mama, babu alikwenda vita vitatu visivyo vyake. Tumwite nani?"

Swali lako nimekaa nalo siku nne. Wewe ndiye uliyebeba jina lake, na toka unazaliwa nakuita baba. Siwezi kukujibu juujuu.

Kwanza ujue hakwenda kwa kupenda. Mwaka 1940, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, serikali ya mkoloni iliwataka watemi watoe vijana. Mwanangwa, mkuu wa kijiji chini ya mtemi, akapita nyumba kwa nyumba, na kwao walikuwa wavulana watatu. Babu yako alikuwa hajaoa, basi akawa yeye. Wakapakiwa kwenye treni hapo stesheni, bibi yake akimkimbilia dirishani na kifurushi cha matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Huyo Mtaliano anayekwenda kupigana naye hajamwona hata kwenye picha.

Akawekwa Keya, ndiyo King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika, batalioni ya sita, ya Watanganyika. Kutoka Kenya wakapita Somalia ya Mtaliano hadi Uhabeshi, ndiyo Ethiopia. Tarehe 19 Mei 1941, mahali panaitwa Colito, vifaru vya Wataliano viliwatokea kwa nyuma. Sajini mmoja Mzungu, Nigel Leakey, alirukia juu ya kifaru akawapiga risasi waliokuwa ndani. Akataka kufanya vile vile kwa kingine, akauawa. Huyo alipewa Victoria Cross, nishani ya ushujaa iliyo juu kuliko zote Uingereza. Babu yako hakuwahi kumbeza. Alisema yule mtu alikuwa na moyo. Ila kila akifika hapo kwenye hadithi alitaja majina matatu ya vijana wa Unyamwezi waliobaki pale pale, akiyatamka polepole kama mtu anayeita watoto waje kula.

Mwaka uliofuata wakapelekwa Bukini, Madagaska, kupigana na Wafaransa wa serikali ya Vichy, waliokuwa upande wa Mjerumani. Walishuka Majunga mwezi wa Septemba. Vita vyenyewe havikuwa vikubwa. Kazi ilikuwa kuondoa miti na mawe yaliyowekwa kuziba barabara, kilomita baada ya kilomita, na mwanzoni mwa Novemba Wafaransa wakasalimu amri. Lakini hapo ndipo palipomuumiza. Upande ule Wafaransa walikuwa na askari wao wa Senegali. Siku moja alimkuta mmoja amelala kando ya njia, amekufa, viatu vyake vimefungwa vizuri. Aliniambia: "Nilimwangalia nikaona kama kaka yangu. Nikajiuliza, mimi na huyu, nani katuleta hapa?"

Umeona? Swali la mwenzako wa kazini, babu yako alijiuliza mwaka 1942, amesimama mbele ya maiti. Na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Kisha Bama, siku hizi Myanmar, kupigana na Wajapani. Huko ndiko kulikompa tabia ambazo sisi wanawe tulikua nazo bila kuzielewa. Wenzao wengi hawakufika kabisa. Tarehe 12 Februari 1944 manowari ya Wajapani iliizamisha meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa, wakafa zaidi ya watu 1,200, wengi wao askari wa Afrika Mashariki. Waliofika waliteremka bonde la Kabaw wakati wa masika ya kule, tope hadi magotini, ruba wameingia viatuni, malaria inaangusha watu kuliko risasi. Chakula kilidondoshwa na ndege kwa miavuli, na wingu likishuka hakuna chakula. Mwezi wa Desemba wakafika Kalewa, kwenye mto Chindwin. Kila jioni, kabla ya giza, koplo alipita kwenye mahandaki akiwagusa mabega, anahesabu. Hawakuitana, maana Mjapani alikuwa karibu.

Unakumbuka babu alivyokuwa akipita usiku na kutugusa bega mmoja mmoja kabla hajaweka komeo? Wewe ulikuwa mdogo, ulikuwa ukicheka. Mama yangu peke yake ndiye aliyejua kuwa idadi isipotimia hapati usingizi.

Akarudi 1946 na nyota hizo. Kiinua mgongo cha Mwafrika kilikuwa pungufu ya cha Mzungu wa cheo kile kile, kikaishia kwenye baiskeli na mahari. Serikali ya mkoloni ilipoanzisha mradi wa karanga Urambo akaenda kung'oa visiki, na mradi ulipokufa akarudi kwenye mizinga yake ya nyuki. Kadi ya TANU alichukua mapema.

Januari 1964 wanajeshi wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi lililorithi Keya, waliasi kule Dar es Salaam, kesho yake wa hapa Tabora wakaasi pia. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulifungiwa ndani, babu yako amekaa mlangoni na redio. Kambi ya Dar ilikuwa inaitwa Colito, jina la vita vile vile. Baadaye ikaitwa Lugalo, pale Mkwawa alipowashinda Wajerumani mwaka 1891. Nilidhani atakasirika. Akasema wamefanya vizuri, jeshi la nchi huru lishike jina la vita vyake lenyewe. Akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lakini wale watatu sasa watakumbukwa wapi?"

Kibaraka, mwanangu, ni mtu anayejiuza apate kitu. Babu yako alichukuliwa. Neno hilo usilikubali lisemwe mbele yako, na mwenzako mwambie hivyo kwa upole, pengine naye ana babu ambaye hajapata kumwuliza.

Zigeuze hizo nyota uone. Mbele kuna taji na herufi za mfalme. Nyuma ni tupu, jina la babu yako halikuandikwa. Ndivyo walivyozitoa.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi nyingine ndogo. Nimeandika majina yale matatu ya Colito, kama alivyokuwa akiyatamka, na la kwake la nne. Iweke kwenye kikopo pamoja na nyota, na mwanao akianza kusoma mpe aisome kwa sauti.

Mama yako