Kwa wewe unayeajiri fundi wako wa kwanza

Usile advansi ya mteja. Naanza hapo kwa sababu hapo ndipo nilipompoteza fundi bora niliyewahi kuwa naye, na mengine yote niliyojifunza kuhusu kukaa na watu kazini yalinijia baada ya hasara hiyo.

Nina karakana ya samani Keko, hapa Dar es Salaam. Mimi si fundi. Nilitokea kwenye kaunta ya duka la vifaa vya ujenzi, nikakodi banda, nikaweka mafundi watatu na saidia fundi wawili. Mteja wa kitanda anatanguliza nusu, na ile nusu ni ya mbao, gundi, msasa na ujira wa fundi. Mimi niliihesabu kuwa yangu. Ada ya mtoto ilipofika nikachomoa, nikasubiri mteja mwingine alete advansi ndipo ninunue mbao za yule wa kwanza. Ukishaanza mchezo huo hutoki. Jumamosi ya malipo nikawa nawapa hela ya kula tu, pamoja na maneno mengi: sisi ni familia, tuvumiliane, mambo yatakaa sawa. Jumamosi ya tatu ya namna hiyo ilipopita, fundi mkuu hakuja. Jumanne saidia wake akaja kuchukua randa na patasi zake. Mteja wa kabati la milango sita naye akamfuata huko alikohamia.

Kwa muda mrefu nilisimulia kwamba aliniibia mteja. Siku hizi nikikumbuka zile Jumamosi tatu nanyamaza.

Kwa hiyo fungua laini ya pili ya simu au akaunti ya pili, advansi ziingie humo, na usiziguse mpaka mzigo ufike kwa mteja. Siku ya malipo itaje mwanzoni na uishike hata kama ni kwa kukopa. Fundi aliyelipwa kidogo kwa wakati atakulalamikia. Anayelipwa vizuri lakini hajui lini, huyo hakulalamikii, anatafuta benchi kwingine kimyakimya.

Na andikiana mkataba na mafundi wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haiwahusu wenye viwanda vikubwa peke yao. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, ukizidisha unalipa mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 28. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 20 ya mshahara, na huwezi kumbebesha mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Kifungu nilichokuwa nakivunja kila wiki bila kujua ni cha makato. Ubao ukiharibika nilikuwa nakata hela yote ya mtu palepale, huku nikifoka. Kumbe anatakiwa kwanza apewe nafasi ya kujieleza, awe kweli na kosa, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Nilipoanza kuwasikiliza nikagundua nusu ya mbao zilizokuwa "zinaharibiwa" nilizinunua mimi mwenyewe zikiwa mbichi, kwa kukimbilia bei. Mninga mbichi ukiutengenezea mlango utapinda tu, hata fundi awe nani.

Nililipa kwa muda mrefu kwa kichwa cha kazi: wa mbao analipwa akimaliza fremu, wa msasa akimaliza msasa, wa vanishi akimaliza vanishi. Inaonekana haki, na kwa kazi ndogondogo naitumia hadi leo. Ubaya wake ni kwamba kila mmoja anakimbiza kipande chake. Wa mbao anaacha maungio yana uwazi, wa msasa anaziba kwa gundi na unga wa mbao, wa vanishi anapaka juu yake, na mteja anarudi baada ya mwezi. Ukiuliza, kila mtu ananyoosha kidole kwa mwenzake, na kila mmoja amekwishalipwa! Sasa natenga fungu dogo kwenye kila oda kubwa. Ikitoka kwa wakati na isiporudi ndani ya mwezi mmoja, linagawiwa kwa wote walioigusa, saidia akiwemo. Si hela nyingi. Ila mara ya kwanza nilimsikia wa vanishi akimwambia wa msasa, "Hiki kiti sikipokei, rudia mguu huu," wala sikuwa nimewasimamia.

Jambo la heshima. Fundi wangu mkubwa ni wa umri wa baba yangu. Asubuhi namwamkia shikamoo mbele ya wote, ingawa Jumamosi mimi ndiye ninayemlipa. Akikosea simwambii mbele ya saidia, namwita nyuma kwenye mbao, namuuliza, "Mzee, hapa tufanyeje?" Mara nyingi ameshaliona kosa kabla yangu. Vijana nao wakiona mzee anaheshimiwa, wanapata picha ya namna nao watakavyotendewa wakizeeka kwenye benchi hili. Hotuba za kila Jumatatu niliziacha. Nadhani nilikuwa nazitoa ili nijisikie bosi.

Ndugu: mpokee kama anajua kazi, alipwe kama wengine na awe na siku ya majaribio kama wengine. Mtoto wa shangazi niliyemweka atunze funguo alinitia hasara kuliko mchwa.

Kuhusu mafunzo, wenzangu wengi wananibishia. Saidia akikaa nami miaka miwili namgharimia akapimwe ujuzi VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, maana wanao utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia mtaani. Wanauliza, akishapata cheti si ataondoka? Ataondoka, ndiyo. Wawili wameshaondoka. Lakini miaka ile miwili waliifanya wakiwa na kitu mbele yao, na unaliona hilo kwenye namna wanavyofagia banda.

Yule fundi wa mwanzo? Yupo mtaa wa pili, ana vijana wake. Nilimlipa deni lake kwa mafungu manne. Mwaka uliopita nilipata oda ya viti vya ukumbi ambayo banda langu lisingeiweza, nikampelekea nusu. Aliuliza kitu kimoja tu: advansi yake itaingia lini. Nikamtumia palepale, kabla sijanyanyuka kwenye kigoda chake.