Mbeya, Kitulo, Matamba mpaka Chimala kwa baiskeli: yaliyotupata mimi na mume wangu

Kaka, umeuliza kama wewe na mkeo mnaweza kutoka Mbeya mjini kwa baiskeli, mpande Isyonje, mkatize uwanda wa Kitulo, mlale Matamba, kesho yake mshuke Chimala na kurudi Mbeya, yote kwa siku mbili za likizo ya Desemba. Umeuliza pia mkeo apande baiskeli ya aina gani, kwa kuwa hana mazoea. Njia hiyo hiyo, mwezi huo huo, na mpango huo huo wa siku mbili ndio tuliokuwa nao mimi na mume wangu mwaka 2021. Tulitumia siku nne, na ya nne hatukuimaliza kwa baiskeli. Nendeni, nasema kwa moyo wote. Ila hizo siku mbili zifuteni kabisa.

Kosa letu lilianzia mezani nyumbani. Tulihesabu kilomita, mlima hatukuuhesabu. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kitulo unafika mita 2,600 hivi. Mpaka Uyole hakuna shida. Ukishakata kulia kuingia barabara ya Tukuyu na kuipita Igawilo, mlima unaanza, na kila kona ukidhani ndiyo ya mwisho unakuta nyingine. Mwendo wetu ulishuka hadi kilomita sita kwa saa, na mahali pengi tulisukuma kwa miguu. Mtu aliyezoea kwenda kilomita 60 kwa siku kwenye tambarare ya Mbarali akija huku na hesabu zake zilezile, giza litamkuta njiani.

Hapo ndipo tulipogombana. Mume wangu amekulia Usangu, baiskeli anaijua tangu anabeba magunia ya mpunga. Mimi nimejifunza ukubwani. Akaniambia, "Mama Imani, wewe njoo taratibu, mimi natangulia nikatafute chai." Akakata kona, akapotea. Haikupita nusu saa tairi langu la nyuma likaisha upepo. Nilipolipapasa nikakuta waya mwembamba kama sindano, zile nyuzi za chuma zinazobaki barabarani tairi la lori linapopasuka. Pampu, viraka, solusheni na spana zote ziko kwenye kerea yake. Simu yake inaita tu, kaiweka chini kabisa ya begi.

Nilisukuma zaidi ya saa moja. Kijana mmoja aliyekuwa anashuka na viroba vya viazi alisimama, "Shikamoo mama, pole." Alikuwa na pampu, akanipigia upepo, ukakaa dakika tano ukaisha. Akanipigia tena, ukaisha tena. Alikataa hela. Mume wangu alipogeuza na kunikuta sikuwa na uwezo wa kumwitikia hata salamu. Aliziba pancha kimya kimya, nami nikakaa ukingoni mwa barabara nikimpa mgongo. Mkeo akifikwa na hali kama ile, kaka, pancha ataisahau siku hiyo hiyo. Ile saa ya kuwa peke yake kwenye mlima, malori yanampita, wewe haupo, hiyo ataikumbuka.

Siku hiyo tuliishia Isyonje, tukalala chumba cha nyuma ya duka, na mambo mawili tuliyoyakubaliana usiku ule tunayafuata mpaka leo. Mwenye mwendo mdogo ndiye anayetangulia, na mwenye nguvu anakaa nyuma yake, hata kama inamchosha kwenda polepole. La pili, kila baiskeli inabeba tyubu yake ya akiba, pampu yake, viraka vyake na solusheni yake. Kuna uzito unaongezeka, ni kweli, lakini ni kama nusu kilo tu.

Siku ya pili tuliiacha lami tukashika barabara ya Kitulo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiyo sababu ya kwenda Desemba. Kitulo wenyeji wanaiita Bustani ya Mungu. Ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005, na imewekwa kwa ajili ya maua. Msitarajie simba wala tembo. Kuna aina zaidi ya 40 za okidi peke yake. Unapanda kwenye mashamba ya viazi na pareto, halafu ghafla miti inaisha na mbele yako ni majani tu, vilima vya mviringo, na upepo. Tulilaza baiskeli tukapiga magoti. Okidi nyingi ni ndogo kuliko picha zinavyoonyesha, nyingine hazifiki unene wa kidole, na ukiinama unaona kila ua lina mdomo wake, wenye madoa kama yamechorwa kwa ncha ya kalamu. Kabla ya hifadhi viazi vya okidi hizi vilikuwa vinachimbwa kwa magunia na kuvushwa Zambia, ambako hupikwa chakula kinachoitwa chikanda. Mmea mmoja ukichimbwa umekwisha. Kwa hiyo mkisimama kupiga picha tazameni mnapokanyaga, na baiskeli zisitoke nje ya barabara.

Sasa ujue kwamba maua yanaletwa na mvua, na mvua ndiyo inayoiharibu barabara. Kuanzia Desemba mpaka Aprili mtaona maua na mtakula tope. Juni mpaka Septemba barabara ni kavu, lakini uwanda ni wa majani makavu, na usiku baridi inafika hadi umande kuganda. Vyote viwili huwezi kuvipata kwa pamoja. Mimi ningeenda tena Desemba bila kusita, ila ningeondoka alfajiri na kuhakikisha saa saba mchana nimeshafika mahali pa kulala. Asubuhi huwa kweupe, mvua inakuja baada ya mchana.

Sisi saa nane tulikuwa katikati ya uwanda. Ikaanza kunyesha, na udongo wa kule ukilowa unashika kama unga wa ugali uliokosewa maji. Ulijaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma kuzunguka. Tulikuwa tunachokonoa kwa kijiti, tunasukuma hatua ishirini, tunachokonoa tena. Mwishowe mume wangu akayafungua madigadi yote manne akayafunga juu ya mizigo. Ninyi yafungueni kabisa kabla ya kuondoka Isyonje. Kisha ukungu ukashuka. Sisemi ukungu wa asubuhi wa Mbeya. Huu ulikuwa unanifanya nisione gurudumu la mbele la mwenzangu akiwa hatua kumi nyuma yangu. Vidole vyangu viliganda hadi nikashindwa kubana breki, na nilipotaka kumwambia, maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Hapo ndipo niliogopa. Baridi na maji vikikutana na uchovu, mtu anaanza kupumbaa bila mwenyewe kujua. Kwa hiyo muwe mnaulizana maswali madogo njiani, na mmoja akianza kujibu visivyo, safari ya siku hiyo imeishia hapo.

Tuliona moshi kabla ya kuona nyumba. Bibi mmoja alitoka mlangoni, tukamwamkia, "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, nani amewatuma huku na mvua hii?" Hakusubiri jibu. Alituingiza jikoni, akanivua viatu mwenyewe kwa mikono yake, akavigeuza juu chini kando ya mafiga. Nilitetemeka mpaka kikombe cha chai kikagonga meno. Jioni mjukuu wake alimpeleka mume wangu kwa mwenyekiti wa kitongoji kumjulisha kwamba tumelala pale. Fanyeni hivyo popote mtakapolala kijijini, ni haki ya mwenyeji wenu, asije akaulizwa maswali kwa ajili yenu. Tulikula viazi vya kuchemsha na chumvi na maziwa ya mgando. Asubuhi tulimwachia bibi sukari, sabuni na kitenge changu kikavu, akatufungia viazi vya njiani kwenye kitambaa.

Siku ya tatu ilikuwa fupi, tukafika Matamba mchana. Kule tulikuwa tumeshalipia chumba kwa simu. Tulichelewa siku mbili, chumba alishapewa mtu mwingine na hela haikurudi. Msilipe mapema kabla hamjafika, mlima unaweza kuwabadilishia siku.

Lakini shida kubwa ya Matamba ilikuwa breki. Mume wangu alipogeuza baiskeli yake kuisafisha, alikuta raba za breki za nyuma zimeliwa mpaka chuma kinakwaruza rimu. Zilikuwa mpya wakati tunatoka Mbeya! Lile tope lina mchanga ndani yake, na kila ukibana breki ni kama unapitisha msasa. Za mbele zilibaki unene wa sarafu. Na mbele yetu kulikuwa na mteremko wenyewe, ule unaoitwa Hamsini na Saba, kwa sababu ya kona 57 za kushuka kutoka Matamba mpaka Chimala.

Fundi wa pale hakuwa na raba za aina yetu. Alichukua kipande cha tairi la gari, akakipima kwenye kishikizo cha breki kwa ukucha, akakata kwa kisu alichokuwa anakinoa kila mara kwenye jiwe. Akatoboa kwa msumari wa moto, harufu ikajaa kibandani. Aliviweka, akazungusha gurudumu, akabana, akavitoa, akapunguza upande mmoja kidogo, akarudisha. Alifanya hivyo mara nne kwa kila kipande. Kisha akamtazama mume wangu akamwambia, "Kaka, hizi zitakusimamisha. Ila ukiona mkono unaanza kuwa mzito, shuka utembee. Wengi wanafikiri mlima mgumu ni wa kupanda."

Tulimsikiliza. Siku ya nne tuliondoka saa moja asubuhi, anga ni kweupe, na chini kabisa unaiona Usangu imetandazwa mpaka macho yanachoka. Barabara ya vumbi, mawe yamelegea, na kona zinajikunja kabisa, gari kubwa likija linataka njia nzima. Tulibana breki kwa vipindi, mbele kisha nyuma, na kila kona tano tulisimama kugusa rimu. Kwenye kona kali tulishuka tukatembea. Pamoja na yote hayo, tukiwa tumebakiza theluthi moja hivi, tairi la mbele la mume wangu lilipasuka kwa mlio kama wa bunduki. Rimu ilikuwa ya moto kiasi kwamba tone la maji lilichemka juu yake, na joto hilo ndilo lililoitoboa tyubu. Alikuwa anakwenda mwendo wa mtu anayetembea, akaanguka upande wa mlima, akachubuka kiwiko na goti. Angekuwa kasi, au upande wa pili, nisingekuwa naandika haya. Nilimkamata mkono nikashindwa kuuachia muda mrefu. Sehemu iliyobaki tulitembea yote mpaka Chimala, tukishikilia baiskeli, bila hata mmoja wetu kupendekeza vingine.

Kutoka Chimala kurudi Mbeya msiendeshe. Hiyo ni barabara kuu ya TANZAM, malori ya Tunduma, Zambia na Kongo yanafuatana usiku na mchana, na mwenye baiskeli anasukumwa nje ya lami. Tulipandisha baiskeli juu ya kosta, tukalipa nauli yetu na ya mizigo, jioni tukawa nyumbani.

Kwa hiyo mpango wangu kwenu ni siku tano. Ya kwanza mlale Isyonje, hata kama mmefika mapema. Ya pili muingie uwandani alfajiri, na kabla ya kuondoka Isyonje muwe mmeshajua kwa jina kijiji mtakacholala, mmeongea na mwenyeji. Ya tatu Matamba. Ya nne pumzikeni Matamba, ofisi za hifadhi ziko hapo, ulizeni hali ya barabara, na fundi aangalie breki. Ya tano mshuke. Chukueni jozi mbili za raba za breki kwa kila baiskeli, mnunue na kuzijaribu kabla ya kuondoka. Glavu za sufu na za mpira juu yake. Nguo kavu za kulalia ndani ya nailoni nzito, hazifunguliwi mpaka mko ndani ya nyumba.

Kuhusu baiskeli ya mkeo, usimnunulie mpya ya gharama. Mpe ile yenye breki za diski kama mnayo moja, maana kwa hizo rimu haipati moto na tope haliziumizi upesi, na wewe uchukue nyingine. Hakikisha gia ndogo kabisa inaingia bila kuruka, hiyo ndiyo atakayoishi nayo kutoka Igawilo mpaka juu. Kiti kiinuliwe kiasi kwamba mguu unanyooka karibu wote pedali ikiwa chini, magoti yatamshukuru. Mizigo mizito ikae kwako. Na wiki tatu kabla, pandeni pamoja kutoka Uyole mpaka juu ya Igawilo na kurudi, yeye mbele wewe nyuma, mara mbili kila wiki. Akitoka pale anataka kwenda tena, nendeni.