Tindikali haili rangi

SWALI: Sakafu ya zege ya gereji ya nyumbani kwangu ilipakwa rangi ya mafuta ya kijivu zamani, kabla sijanunua nyumba. Sasa inabanduka vipande vipande, hasa tairi zinaposimama. Fundi anasema tumwage tindikali jioni, asubuhi tufagie rangi yote na kupaka mpya. Nimpe kazi?
Msomaji, Tegeta, Dar es Salaam

JIBU: Usimpe. Swali hili linanifikia kila mara, na kila mara kuna fundi pembeni na dumu lake.

Tindikali haili rangi, inakula saruji. Jiulize kwa nini yenyewe inauzwa kwenye dumu la plastiki: rangi iliyokauka nayo ni jamaa ya plastiki. Kinachowadanganya watu ni povu. Lile ni gesi inayotoka asidi ikikutana na chokaa iliyomo kwenye saruji, kwa hiyo linachemka pale ambapo rangi imeshaondoka. Palipo na rangi iliyoshika, kimya. Fundi akiona povu anatamba kwamba dawa inafanya kazi, na kweli inafanya, ila kazi yake ni kwenye zege lako. Inapenya pembezoni mwa vipande vilivyobanduka, inalegeza saruji, inaacha mchanga. Vipande kadhaa vitainuka na fundi atasifiwa. Kisha rangi mpya itashika mchanga ambao wenyewe haujashika kitu. Mvuke wake nao, ukifungiwa gereji usiku kucha, unatia kutu kila chuma kilichomo, gari likiwemo.

Asidi ina mahali pake: kukwangua kidogo zege tupu lililosuguliwa hadi likateleza, kisha sakafu ioshwe sana. Narudia, zege tupu.

Kuna jambo ambalo fundi wako hakuuliza: kwa nini inabanduka? Chini ya tairi si ajabu. Tairi linatoka barabarani likiwa na joto, likipoa linajikaza na kuvuta rangi iliyoshika vibaya. Lakini rangi ya mafuta ina adui mkubwa zaidi. Zege lina alikali, na alikali ikikutana na mafuta penye unyevu hutengeneza sabuni. Banua kipande ukiguse upande wa chini. Kikiwa kinanata au kinateleza, shida inatoka ardhini.

Anza na skrepa ya mpini mrefu, sakafu ikiwa imelowanishwa kidogo. Kwa kuwa hujui rangi ni ya mwaka gani, ichukulie kuwa ina risasi, yaani madini ya ledi yenye sumu: usiipige msasa mkavu, usiichome kwa moto, watoto wasikaribie. Iliyogoma ipakwe dawa ya kutoa rangi ya aina ya jeli, ikwanguliwe, kisha mabaki yasagwe kwa grenda yenye diski ya almasi. Grenda hiyo iwe na kifuniko kilichounganishwa na mashine ya kunyonya vumbi, na usimwage maji kwenye grenda ya kawaida ya umeme. Vumbi la zege lina silika inayoharibu mapafu yasipone tena, kwa hiyo vaa barakoa ya kuchuja vumbi laini, ya daraja la FFP3 au inayolingana nayo. Kitambaa hakisaidii.

Ukimaliza, bandika nailoni ya sentimita 45 kwa 45, kwa utepe wa gundi pande zote nne, uiache saa 16 au zaidi. Ukikuta matone chini yake au zege limekuwa jeusi, unyevu unapanda. Huenda jamvi lilimwagwa bila nailoni chini. Hapo rangi ya kawaida, hata ya bei mbaya, itabanduka tena. Afadhali ubaki na zege tupu. Zege likikutwa kavu chini ya nailoni, nyunyiza maji: yakizama upesi, paka, yakisimama kama matone, bado hujasaga vya kutosha.

Dawa yenyewe ya kutoa rangi nunua iliyo na lebo, uisome. Zenye methilini kloraidi ziache. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unajikusanya chini, na umeua watu waliokuwa wakifanya kazi sehemu zilizofungwa. Marekani ilizuia mwaka 2019 zisiuzwe kwa watu wa kawaida. Kisha kuna wale wa petroli, wanaosugua sakafu nayo kwenye chumba chenye swichi na gari. Na wapo wanaoongeza dawa ya klorini ya kufulia juu ya tindikali ili "ikolee". Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, iliyowahi kutumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia.

Kama dumu limeshafika nyumbani, lirudishwe dukani likiwa limefungwa. Usikubali fundi akuachie "kidogo cha akiba" kwenye chupa ya maji ya kunywa. Tindikali nyingi hazina rangi, na mtoto mwenye kiu hasomi kifuniko.