Maswali yenu kuhusu North Bay, mji wa Kanada wenye kambi ya jeshi chini ya mwamba

Wiki hii meseji zimekuja nyingi za wazazi na vijana kuhusu North Bay, ule mji wa Ontario, Kanada, maana kuna watoto wetu wanaenda kusoma pale chuo cha Canadore na Nipissing University, halafu mtu akiutafuta mji mtandaoni anakutana na habari za jeshi, makombora na shimo la nyuklia, anashtuka. Najibu moja moja.

Kijana wangu kapata chuo pale. Nimeambiwa ndo makao ya ulinzi wa anga wa nchi nzima, vita ikija si watapigwa wao kwanza? (Mama, Kimara)

Mama shikamoo, na hongera kwa kijana. Ni kweli kambi ipo, inaitwa 22 Wing, ipo toka 1951, na kazi yake ni kuangalia anga la Kanada kwa niaba ya NORAD, yani ule ulinzi wa pamoja wa Kanada na Marekani ulioanza 1957 na mkataba ukasainiwa Mei 1958. Ila kitu wengi hawajui, ndege za kivita hazikai pale. Zipo Cold Lake, Alberta, na Bagotville, Quebec. Pale North Bay kuna watu wamekaa mbele ya skrini, shifti usiku na mchana, Krismasi wapo, mwaka mpya wapo, kila ndege inayoingia wanaiuliza wewe nani na unatoka wapi, na taarifa zinawafikia kutoka mbali sana, huko kaskazini kwenye barafu kuna rada 47. Ndege isipoeleweka ndo zinarushwa za kivita kuifuata. Hofu yako siipuuzi mama, zamani watu wa pale waliishi nayo kabisa. Ila leo ni mji wa watu kama elfu 50, wana ziwa lao, mashule, baridi kali, na kwa kijana wako mimi ningehangaikia koti kabla ya bomu.

Hilo shimo ni stori za mtandaoni au lipo kweli? (Nakuru)

Lipo kaka, na hata mimi nilipoanza kulisoma sikuamini. Walianza kuchimba 1959, mwamba mtupu, wakashuka kina cha ghorofa 60 hivi, kama mita 200, halafu ndani ya pango wakajenga jengo zima la ghorofa tatu, na milango ya chuma ambayo mmoja tu una tani 19. Likafunguliwa Oktoba 1963. Wazo lilikuwa kwamba ndege za Wasovieti zikipita juu ya ncha ya dunia na bomu likaanguka, hawa watu wa chini waendelee kufanya kazi. Kulikuwa na kompyuta mbili za kizamani, zile za taa za vioo, kubwa kujaza ukumbi, wafanyakazi wakazipa majina Bonnie na Clyde, zikafanya kazi hadi miaka ya 1980. Kila siku watu walikuwa wanashuka humo kwa basi kupitia handaki, wanaingia shifti, wanatoka, wanarudi mjini kununua mkate kama watu wengine, na hawawezi kumwambia mke nyumbani leo nimeona nini.

2006 wakahamia juu, jengo la kawaida tu, limepewa jina la Sajenti David Pitcher, mwanajeshi wa Kanada. Huyu alikufa 1995 kule Alaska, ndege yao ya rada iliruka ikakutana na kundi la mabata bukini, injini zikazimika, watu wote 24 wakafa, Wakanada wawili na Wamarekani 22. Mimi hii habari inaniuma kila nikiisoma, maana tunadhani mwanajeshi anakufa kwa risasi tu.

Nasikia waliweka nyuklia jirani na watu, kweli? (Kaka, Mombasa)

Kweli. Makombora 28 ya kutungulia ndege, aina ya Bomarc, nje kidogo ya mji. Kanada nzima iligombana kuhusu kukubali vile vichwa vya nyuklia au kuvikataa, serikali ya waziri mkuu Diefenbaker ikaanguka Februari 1963, baada ya uchaguzi akaingia Pearson, na siku ya mwisho ya mwaka huo huo vichwa vikafika North Bay. Viliondolewa 1972.

Mimi nilikuwa Gongo la Mboto 2011. Hao wananchi wanaishije na jeshi hapo jirani? (Dar)

Pole sana ndugu yangu. Kwa wasiojua, usiku wa 16 Februari 2011 ghala la silaha la jeshi lililipuka Gongo la Mboto, watu zaidi ya 20 wakafa, maelfu wakakimbia bila kujua waende wapi, watoto wakapotezana na wazazi wao, na hiyo ni chini ya miaka miwili tu baada ya mlipuko kama huo wa Mbagala, 29 Aprili 2009. Kwa hiyo naelewa unavyouliza.

North Bay hakuna kilicholipuka, ila na wao walipata lao, na lilikuja kimya kimya. Kuanzia miaka ya 1970 hadi 1990 jeshi lilikuwa linafundishia watu kuzima moto pale uwanja wa ndege, wanamwaga povu maalumu, na lile povu lina kemikali ambazo haziozi, zikazama ardhini, zikaingia kwenye kijito na kuelekea ziwa Trout ambalo ndo mji mzima unakunywa. Ilichukua miaka mingi watu kujua. 2021 wizara ya ulinzi ikakubaliana na mji kubeba karibu gharama yote ya kusafisha uwanja, karibu dola milioni 20. Nasema hivi: huo ni uungwana, ila umechelewa. Mwananchi anayeishi ukutani na kambi ana haki ya kuambiwa kuna nini upande wa pili, siri za vita wabaki nazo, lakini kinachoweza kuingia kwenye maji yangu au kuangukia paa langu niambieni mapema. Hilo nalisema kwa North Bay na nalisema kwa Dar.

Sisi huku tunahitaji rada zote hizo za nini? (Mwanza)

Mwanza ndo unaniuliza hivyo! Waulize wazee hapo. Machi 1979, vita ya Kagera, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kumsaidia Idi Amin, ikalenga ghala la mafuta la Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia hifadhi ya Saanane, swala wakafa na mfanyakazi mmoja akaumia. Wangelenga vizuri kidogo tu leo tungekuwa tunahesabu watu.

Nafika Septemba, kuna cha kuona au kote kumefungwa? (Mwanafunzi, Arusha)

Kambini usijaribu kuingia, na geti usilipige picha. Ila nenda Lee Park karibu na ziwa Nipissing, kuna ndege ya zamani ya CF-100 imewekwa pale, aina zilizokuwa zinalinda mji miaka ya 1950, unaisogelea bure. Na pale uwanja wa ndege angalia urefu wa njia ya kurukia, mita kama 3,000, mji mdogo vile, ndo utaelewa nani aliijenga.