Maswali na Majibu: Nani Anaipangia Ndege Njia ya Kutua?

Tuko Manda, kiwanja cha ndege cha Lamu, ndege tayari, anga nyeupe, tunaambiwa Nairobi haijaturuhusu. Rubani anatuficha nini? (Shela)

Hafichi kitu. Swali hili nimelijibu mara nyingi, na kila mara anayelaumiwa ni rubani. Jomo Kenyatta, kiwanja cha Nairobi, ina njia moja tu, ya kurukia na kutua. Foleni ikijaa, ndege iliyo chini huzuiwa hapo ilipo. Injini iliyozimwa haili mafuta. Kuzungushwa angani kunayala.

Ni kweli siku hizi kompyuta ndiyo huichagulia ndege pa kutua? (Maweni, Malindi)

Hupendekeza, haiamui. Heinz Erzberger na wenzake wa NASA, shirika la anga la Marekani, huko California, walitengeneza programu zilizojaribiwa Dallas/Fort Worth, Texas, mwaka 1996, kiwanja chenye njia nyingi. Moja husoma rada, mpango wa safari na upepo wa juu, ikakadiria kila ndege itafika saa ngapi, kisha ikazipanga kwa aliyetangulia. Nyingine, ndege zikishakaribia, humpa mwongozaji wa ndege aliye chini namba ya foleni na njia ya kutua. Njia moja ikilemewa, huhamishia baadhi ya ndege kwenye nyingine ili wote wasichelewe sana. Zikikaribia zaidi, mpango haubadilishwi ovyo, kwani kumgeuzia rubani njia dakika za mwisho ni kumwongezea kazi wakati mikono yake imejaa.

Ruhusa yenyewe hutoka kinywani mwa mwongozaji. Wanaoshabikia mnara wa kuongozea ndege usio na mtu wafikirie hili: kunguru wakitanda mbele ya ndege, rubani akakatisha kutua na kupanda tena, orodha yote imevurugika. Lazima awepo mtu dirishani anayeona na kuwajibika.

Ndege kubwa hutangulizwa? (Mokowe)

Hapana. Anayetangulizwa ni mwenye mgonjwa mahututi au hitilafu. Uzito una hesabu yake: ncha za mabawa huacha nyuma hewa inayozunguka kwa nguvu. Caravan, ndege ndogo, ikiifuata Dash 8 iliyo nzito zaidi kutua, huachiwa maili 5 za baharini, takriban kilomita 9.

Mbona Malindi ndege leo hutokea upande huu, siku nyingine ule? (Ngala)

Upepo! Mtu wa pwani hastahili kuuliza hili. Ndege hutua ikiukabili upepo. Njia kuu ya Malindi ina namba 17 kichwa kimoja na 35 kingine, yaani nyuzi 170 na 350 za dira. Kusi ikivuma, ndege huja kutoka kaskazini. Kaskazi ikishika, hugeuza.

Naweza kurusha droni Manda nipige picha ndege ikitua?

Hapana.

Serikali ituletee Lamu mtambo huo wa kupanga ndege. (Langoni)

Manda ina njia moja, sasa mtambo utachagua nini? Uende Nairobi kwenye foleni, nasi tutapunguziwa kungoja. Pesa zetu ziende kwenye uzio imara, vipimo vya hali ya hewa na waongozaji wa kutosha. Na wanaotupa matumbo ya samaki na taka karibu na viwanja, Manda na Malindi, waache leo. Kunguru hufuata hayo, na kunguru mmoja ndani ya injini anatosha kuua watu.